Sababu ya Marekebisho

Nilikuwa natafuta kadi ya zaka
ndani ya kopo la maziwa lenye kutu mdomoni.
Umeme umekatika Kirumba nzima,
simu nimeing'ata kwa meno, taa yake ikitazama chini,
ndipo ikatoka karatasi ya benki, imekunjwa mara nne
kama barua ya mtu mwenye aibu.

Novemba, tarehe kumi na nne.
Mfuko wa hiari, wafanyakazi wa kiwanda cha minofu.
Milioni tatu, laki nne, elfu kumi na mbili na mia sita.

Nikakaa kitandani.
Ritani niliijaza Juni kwa mkono wangu:
duka la nyuzi na maboya, mauzo, pango,
hadi elfu tisa ya mlinzi niliiandika.
Hii sikuiandika.
Sikuificha, Mungu ananiona.
Iliingia wiki tuliyomzika Leokadia kule Kome,
ikatoka ikiwa sanda, mbao, mchele,
na petroli ya mtumbwi uliowarudisha wafiwa.
Ilipita mkononi kama maji ya kunawa.
Nani huyakumbuka maji ya kunawa?

"Iache," akasema Bugingo gizani.
"Ziwa halihesabu ndoo."
Akageukia ukutani, akalala
usingizi wa mtu asiye na namba ya mlipakodi.

Mimi nimekaa kwenye mizani miaka kumi na tisa.
Sangara akija na barafu tumboni, natoa barafu.
Kamba natoa. Maji ya kreti natoa.
Kinachobaki ndicho samaki, ndicho naandika.
Walinijua mialoni yote:
Nyamizi hana kidole kizito.

Usiku mmoja hawakuujua.
Msimamizi alisimama nyuma yangu, ananuka karafuu,
akaninong'oneza, leo hesabu haikai, punguza.
Nikampunguzia kijana wa Ijinga kilo nne.
Nne tu.
Aliitazama mizani, akanitazama mimi,
akachukua hela yake bila kuihesabu.

Saa mbili kamili nilikuwa ofisi ya kodi,
wa tatu kwenye foleni, karatasi ndani ya sidiria.
Afisa ni binti mdogo, kitambulisho kinasema Generoza.
"Mama, watu huja hapa kupunguza.
Wewe umekuja kuongeza?"
"Nimekuja kusahihisha."
Akacheka kidogo, si kwa ubaya,
akageuza kioo cha kompyuta tukitazame wote wawili.
Kodi. Riba juu ya kodi.
Na adhabu, ndogo kuliko ile niliyoiota,
kubwa kuliko faida ya maboya ya mwezi mzima.

Chini kabisa pana kisanduku:
Sababu ya marekebisho.
Upana wake kidole gumba.
Nikaandika, Nilisahau.
Ni kweli. Tena imeenea.

"Na ile ya kwanza mnaichana?"
"Hatuichani, mama. Inabaki palepale.
Hii inakaa juu yake."

Nililipa kwa simu, nimeegemea ukuta wa nje,
korongo wawili juu ya nguzo wakigombea utumbo.
Salio, elfu sita na kitu.
Nikashuka mwaloni kununua dagaa.
Muuzaji akajaza kopo, akakung'uta, akaongeza konzi.
Nikamrudishia konzi.
"Mama vipi? Nyongeza hiyo, ni yako!"
Nikaona aibu. Nikaipokea.

Bugingo hajauliza kitu.
Ameona tu dagaa, akasema leo umepata wakavu.
Nakala mpya nimeilaza ndani ya kopo
juu ya ile ya Juni, nikafunika.

Kilo nne hazina fomu.
Nimejaribu kumkumbuka yule kijana:
fulana ya kijani, kidonda cha ndoano kidoleni.
Jina sikumuuliza.
Safu ile ilikuwa ya uzito tu.